Anataka niache mitumba, niuze baiskeli mpya tu. Nikubali?

Kaka mshauri, shikamoo.

Mimi nauza baiskeli za mtumba Ifakara, mkoani Morogoro. Kazi hii nimefundishwa na baba yangu mdogo tangu tukiziba pancha na kubadilisha spoki kando ya barabara. Kidogo kidogo tukaanza kununua baiskeli mbovu, tunazifufua, tunaziuza. Leo nimepanga fremu mbili za duka karibu na soko. Baba mdogo ndiye fundi mkuu na ana vijana wawili wa kumsaidia.

Mzigo wangu mwingi ni baiskeli za Kijapani, zile zenye kikapu mbele na dinamo, na chache za Uholanzi. Nazifuata Dar kontena likifunguliwa. Moja hunifikia hapa kwa wastani wa 95,000, matengenezo yanakula 20,000, nauza 160,000. Wakati wa mavuno ya mpunga, Juni mpaka Agosti, natoa hadi 30 kwa mwezi. Watu wakishaingia mashambani nauza sita au saba kwa mwezi.

Sasa kuna mfanyabiashara wa jumla Kariakoo ambaye huwa nachukua kwake tairi na tyubu. Ameanza kuleta baiskeli mpya kutoka China na India, za mizigo zenye tairi ya inchi 28, tunaziita za 28, na nyingine za gia, na anataka niwe wakala wake hapa na ng'ambo ya mto, Mahenge na Malinyi. Masharti yake ni haya: nichukue 60 kwa 230,000 kila moja. Nusu nilipe sasa, nusu anipe mali kauli ya siku 90. Mzigo ataushusha mwanzoni mwa Novemba, baiskeli zikiwa zimeshaunganishwa na kufungwa na vijana wake kwa 10,000 kila moja, na usafiri ni 10,000 nyingine kila moja, vyote juu yangu. Nibandike bango lake, na nisiuze tena mtumba kwenye duka hilo. Nikitaka chini ya 20, bei ni 240,000, taslimu, zikiwa kwenye boksi. Hapa zinauzika kwa 270,000.

Nina akiba ya milioni 4. Mke wangu anaweza kukopa milioni 3 kwenye kikoba chao, kwa hiyo kianzio cha milioni 6.9 kinapatikana.

Kaka, nimechoka kuitwa muuza mitumba. Watoto wanakua, nataka duka lenye vioo na bidhaa ambazo mtu akizinunua anapewa garantii. Lakini baba mdogo amesema siku mitumba ikitoka na yeye anatoka. Hajasema zaidi ya hapo. Nifanyeje?

Muuza baiskeli, Ifakara

Marahaba, mdogo wangu.

Baiskeli mpya chukua. Mkataba huo usiuchukue. Hesabu zote za kuamulia umeshaziandika mwenyewe kwenye barua yako, ila hujazipanga kwenye karatasi moja, kwa hiyo ngoja tuzipange.

Mtumba mmoja unameza 115,000 na kurudisha 160,000. Unabaki na 45,000. Baiskeli mpya inameza 250,000 ukishajumlisha bei, usafiri na kufunga, kisha inarudisha 270,000. Unabaki na 20,000. Yaani unaweka pesa zaidi ya mara mbili ili upate chini ya nusu ya faida uliyoizoea. Hapo bado pango, umeme na TRA. Na kodi ya mfanyabiashara mdogo asiyeandaa hesabu za ukaguzi hukokotolewa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo baiskeli ya 270,000 inayokuachia 20,000 itakubana kuliko mtumba wa 160,000 unaokuachia 45,000. Kabla hujabadilisha biashara nenda ofisi yao, uwaambie mauzo unayotarajia, wakukadirie.

Tofauti hii ya faida haitokani na ubahili wa huyo wa jumla. Bei ya mtumba inategemea jicho lako. Wewe ndiye unayeona kwenye kontena kwamba ile Kijapani yenye kutu ina fremu nzima na hab, yaani kitovu cha gurudumu, isiyo na mchezo, ukailipa kwa bei ya chakavu wakati mwenzako ameipita. Faida ya 45,000 ni malipo ya jicho hilo na mkono wa baba mdogo. Baiskeli mpya haina siri. Mkulima anampigia shemeji yake aliyeko Kariakoo, anatajiwa bei, anaongeza nauli, halafu anakuja kwako anajua mwisho wako uko wapi.

Tuje kwenye kianzio. Milioni 6.9 ni nusu ya bei ya baiskeli tu. Usafiri na kufunga baiskeli 60 ni milioni 1.2 nyingine, na hizo hazina mali kauli. Unahitaji milioni 8.1, na wewe na mke wako mna 7. Umeanza na pengo kabla lori halijatoka Dar, na hujabakiza hata shilingi ya kwenda kwenye kontena lijalo.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kalenda. Mzigo ukishuka mwanzoni mwa Novemba, siku 90 zinakwisha mwanzoni mwa Februari. Wewe unalijua bonde la Kilombero kuliko mimi. Hiyo ni miezi ya trekta, mbegu na vibarua wa palizi, mpunga wa mwaka jana umeshauzwa na mwingine bado uko shambani. Ili kulipa deni la milioni 6.9 inabidi uuze baiskeli mpya 26 ndani ya siku hizo, na kila shilingi uipeleke Kariakoo bila kugusa. Kwa maelezo yako, miezi kama hiyo unauza sita au saba, yaani kama 20 kwa miezi mitatu. Hata kila mteja wako angeacha mtumba akanunua mpya, deni lisingelipika kwa wakati. Ajabu ni kwamba mzigo huohuo ungeshuka mwishoni mwa Mei, mali kauli hiyohiyo ingekuwa nafuu kubwa kwako. Mfanyabiashara wa jumla anasafisha stoo kwa kalenda yake. Hana ubaya, ila kalenda yake si yako.

Kikoba cha mke wako kiache kabisa. Kama chao huvunjwa Desemba kama vilivyo vingi, deni hilo litadaiwa kabla hata la Kariakoo halijaiva, na watakaodai ni wanawake anaokaa nao msibani na harusini. Biashara ikiyumba utapata mtaji mwingine, lakini yeye jina lake kwenye kikundi atalirudishaje?

Sasa kwa nini nasema chukua mpya? Kwa sababu una kitu ambacho mwenye duka la baiskeli mpya tupu hana: unaweza kupokea baiskeli ya zamani ya mteja kama sehemu ya malipo. Mkulima mwenye 28 iliyochoka anatamani mpya lakini hana 280,000 mkononi. (Ndiyo, uza 280,000. Nitakueleza unachomwongezea.) Unaikagua ya kwake, unaithamini 70,000, anaongeza 210,000, anaondoka na mpya. Ile ya zamani baba mdogo anaifanyia kazi kwa 25,000, unaiuza 140,000, unapata 45,000 yako uliyoizoea. Ukiichukua mpya kwa bei ya boksi, yaani 240,000, ukalipa 10,000 ya usafiri na 10,000 ya fundi wako, faida yake ni 20,000. Jumla 65,000 kwa mteja mmoja, na umepata mzigo wa mtumba bila kwenda Dar. Mpya ikuletee mtumba. Ndiyo maana sharti la kuondoa mitumba dukani ni baya kuliko yote aliyokupa. Linakunyang'anya kitu pekee unachowazidi wenzako.

Angalizo mbili hapo. Ya kwanza, siku ya kubadilishana unapokea 210,000 wakati mpya imekugharimu 260,000, kwa hiyo 50,000 yako inabaki imefungwa kwenye baiskeli ya zamani mpaka iuzwe. Usizibadilishe zote kwa mpigo. Ya pili, baiskeli za wizi. Kila unayoipokea, ipindue, soma namba ya fremu iliyogongwa chini ya kranki, iandike kwenye daftari pamoja na namba ya kitambulisho cha NIDA cha aliyeileta na simu yake. Mtu usiyemfahamu akuletee na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji chake. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku polisi wakija daftari hilo ndilo litakalokutetea.

Uchague baiskeli gani? Hapa nakuomba uwe mgumu. Usivutiwe na rangi wala idadi ya gia. Chagua ile ambayo spea zake tayari ziko mikononi mwa mafundi wa Mang'ula, Malinyi na Mahenge. Kwa mkulima wa mpunga hiyo ni ya 28 yenye breki za vyuma na keria nzito, umbo lililotokana na baiskeli za kale za Kiingereza za akina Raleigh wa Nottingham na ambalo viwanda kama Hero na Avon vya Ludhiana, India, na Phoenix ya Shanghai vimelitoa kwa miongo mingi. Hata ikipata shida katikati ya mashamba, atakuta fundi mwenye spea yake.

Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, zile zenye kistari katikati; ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Nina hakika baba mdogo anazijua kwa mkono hata kama hazisomi. Tairi ya 28 ya mizigo huandikwa 40-635. Zile za Uholanzi nazo huitwa 28, lakini rimu ya nyingi ni 622, ndogo kwa milimita 13, na tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Kijapani yako ya 26 x 1 3/8 ni 590, wakati ya gia inayoitwa pia 26 ni 559. Zote mteja anaziita ishirini na sita, na zinapishana milimita 31. Ukiingiza chapa tatu mpya kwa pupa utajikuta unahitaji stoo ya tairi za aina tano, na mtaji wako utalala ukutani umening'inia. Anza na aina moja. Ikishazoeleka, ongeza ya pili.

Pamoja na hizo mpya, nunua spea zake safari hiyohiyo: tairi, tyubu, spoki, kota pini, fraiwili, viatu vya breki. Wenzetu wa Kenya wana mfano mzuri, baiskeli ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief lililoanza mwaka 2005. Ni baiskeli nzito, keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100, na shirika halikuishia kuuza, linafundisha mafundi na kupeleka spea kule kule baiskeli inakotumika. Mkulima anayenunua mpya leo ananunua pia uhakika kwamba mwakani ataikarabati.

Kuhusu kuja zimefungwa tayari, kataa kabisa. Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi wa mpya hawaambiwi. Baiskeli ya bei ya chini ikitoka kwenye boksi haijawa tayari kupanda. Spoki zimekazwa kwa haraka kiwandani, rimu inayumba, bearing zina grisi kiduchu, pengine hakuna kabisa. Kijana wa Kariakoo anayelipwa kwa idadi ataikaza haraka ili aende kwenye nyingine. Atailazimisha pedeli ya kushoto kuingia kama ya kulia, wakati ya kushoto hukazwa kinyume, na atakuwa ameshakula nyuzi za mkono wa kranki. Mteja atagundua wiki ya pili akiwa na gunia nyuma. Hatarudi Kariakoo, atarudi kwako, na atasema mpya zako ni mbovu kuliko mitumba yako.

Zichukue kwenye boksi. Baba mdogo afungue hab zote mbili na kranki, ajaze grisi, anyooshe rimu, akaze spoki moja moja. Kisha mpe mteja kadi ya ukaguzi wa bure baada ya wiki mbili, maana spoki mpya na kota pini hulegea zikishaanza kubeba uzito. Hiyo kadi ndiyo 10,000 unayoongeza juu ya bei ya wengine. Na garantii usiitamke kwa mdomo tu. Iandike: fremu na foku muda gani, nani anabeba gharama ya usafiri ikibidi irudi, na kwamba tairi, viatu vya breki na mizigo kupita kiasi haimo.

Muulize pia kuhusu uhalali wa mzigo. Aoneshe nyaraka za TBS na risiti ya EFD yenye jina la chapa. Kama chapa ni bandia, Tume ya Ushindani, FCC, hukamata mzigo dukani kwa muuzaji, na wewe ndiye utakayekutwa nao. Mtu mwenye mzigo safi hakasiriki kuulizwa.

Umeandika umechoka kuitwa muuza mitumba. Nimekuelewa. Weka vioo, mdogo wangu. Fremu moja ya duka iwe ya mpya, nyingine ya mtumba, zote zimeoshwa, zimepangwa, kila moja na bei yake imeandikwa. Bango liwe na jina la duka lako, la chapa liwe dogo chini yake. Chapa zinakuja na kuondoka kadiri wa jumla anavyobadilisha kiwanda, na jina linalojulikana Malinyi na Mahenge liwe lako.

Kwa hiyo mpigie huyo wa jumla kabla hajapakia. Mwambie unataka 10 za aina moja, kwenye boksi, taslimu, zifike Mei. Hiyo ni milioni 2.4. Weka 400,000 ya spea na 100,000 ya lori, na milioni 1.1 inayobaki iendelee kuzungusha mitumba. Sasa hivi, Novemba, usinunue mpya hata moja. Mwambie pia kwamba zikienda vizuri utachukua 30 mwezi Juni kwa bei ya 230,000 na mali kauli, kwa masharti mawili ya maandishi: boksi ambazo hazijafunguliwa zinarudishika, na duka lako linaendelea na mtumba. Akikataa, Kariakoo hana duka peke yake.

Baba mdogo mwendee nyumbani jioni, si dukani mbele ya vijana. Nadhani hapigani na baiskeli mpya. Ameona mpango ambao kazi ya kufunga inafanyika Dar na kazi ya kufufua inaondolewa, na yeye hamo popote. Muoneshe mpango huu mwingine, ambao hakuna boksi linalofunguliwa bila yeye na hakuna mtumba unaopokelewa kabla hajautikisa na kuutajia thamani. Mkubaliane malipo kwa kila baiskeli mpya anayoifunga, 10,000 ileile ambayo ungewapa vijana wa Kariakoo, na asilimia fulani kwa kila ya kubadilishana. Kadi ya ukaguzi iwe na sahihi yake.

Huyo wa jumla akikuletea mkataba wa maandishi, usitie sahihi kabla hujasoma kifungu cha marejesho na cha mitumba. Nipigie picha vifungu hivyo viwili uniletee, tuvisome pamoja.